Kabla Hajapanda Gari la Nairobi

Maneno haya yalisemwa na afisa wa maendeleo ya jamii wa jimbo letu mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia vya dekania. Tumeyachapa karibu yote kama yalivyosemwa.



 Asanteni kwa kuacha kazi zenu siku kama ya leo na mbaazi ziko tayari kuvunwa. Najua wengine mmetembea tangu alfajiri, kwa hivyo sitawaweka hapa mpaka giza liingie.

Niliombwa nizungumze juu ya ukosefu wa kazi kwa wanawake mijini. Kwanza nilijiuliza: haya si ni mambo ya Nairobi? Kwa nini niyalete kwa watu wa kujenga mabwawa ya mchanga na kufuga mbuzi? Lakini miezi hii nimekuwa nikivitembelea vikundi vyenu, na kuna jambo nimelikuta karibu kila mahali. Nikiuliza ni mama gani ana binti yake Nairobi, mikono yote inainuka. Nikiuliza ni binti wa nani ana kazi ya mshahara wa kila mwezi, inabaki mikono miwili au mitatu. Na nikiuliza kwa nini hao wengine hawana kazi, najibiwa haraka haraka: "Ni mvivu." "Ameharibika na mji." "Anachagua kazi." Kikundi kimoja, nami sitakitaja, kilikuwa kimekataa kumpokea binti aliyerudi nyumbani na watoto wawili na mikono mitupu, ati atawafundisha wengine tabia za mjini.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikubali kuja. Nataka leo tuulizane kama kweli ni uvivu.

Mnaukumbuka ule mfano wa shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo. Mwenye shamba alitoka hata saa kumi na moja jioni akakuta watu bado wamesimama sokoni. Akawauliza mbona wamekaa bure siku nzima. Hawakusema wamechoka wala hawakusema kazi haiwafai. Walisema hakuna aliyewaajiri. Mkitaka kuwaona watu wale leo, nendeni Eastleigh asubuhi. Mtakuta wanawake wameketi kando ya barabara, wengine wamebeba mtoto mgongoni, wanangoja mtu atoke kwenye yale magorofa aseme anataka wa kumfulia nguo. Hao wameamka saa kumi na moja ya alfajiri. Na wengi wao ni wasichana wa kutoka mashambani, kama hawa wetu.

Hebu niwasimulie juu ya mmoja niliyekutana naye Mukuru, kule karibu na viwanda vya Industrial Area. Ni wa upande wetu huu, ndiyo maana alinisalimia. Ana mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Kazi yake ni kufua, hawa ndio wanaoitwa mama fua. Anatembea kwa miguu mpaka South B, anabisha malango, anauliza kama kuna nguo. Tuliketi naye tukapiga hesabu yake kwenye karatasi, na hiyo karatasi ninayo hapa.

Akipata nguo za kufua analipwa shilingi mia nne kwa siku. Kwa wiki anapata siku tatu, ikiwa wiki ni nzuri. Hiyo ni shilingi 1,200 kwa wiki, au 4,800 kwa mwezi. Sasa angalieni upande wa pili. Kabla hajatoka asubuhi lazima amwache mtoto kwa mama mmoja anayelea watoto katika chumba chake, na huyo anatoza shilingi mia moja kwa siku. Na analipwa siku sita, iwe mama fua amepata kazi au hakupata, kwa sababu nafasi ya mtoto imewekwa. Hiyo ni 600 kwa wiki, 2,400 kwa mwezi. Chumba cha mabati anachokaa ni shilingi 2,500. Haya, jumlisheni. Naona mweka hazina pale ameshamaliza. Ndiyo, ni 4,900. Yaani ana upungufu wa shilingi mia moja, na bado hajala. Bado hajanunua maji, maana kule maji yanauzwa kwa mtungi. Bado hajalipa choo, maana kule hata choo kinalipiwa kila ukiingia. Nilimuuliza anaishije. Akaniambia, "Ninakopa kwa mwenye duka, na siku nyingine ninamwachia mtoto jirani yangu, naye siku akipata kibarua ananiachia wake."

Huyu tutasema ana kazi au hana? Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilileta wataalamu hapa Kenya kuchunguza ukosefu wa kazi. Walirudi na jibu ambalo limekumbukwa mpaka leo. Walisema shida kubwa ya mijini si watu waliokaa bila kufanya lolote, ni watu wanaofanya kazi kwa nguvu zao zote na bado hawapati cha kutosha kula. Wale wa jua kali, wauza mboga, wafuaji. Kwa hivyo ukisikia binti yako "hana kazi", usimfikirie amelala kitandani. Uwezekano mkubwa ni kwamba anafanya kazi tatu na zote kwa pamoja hazifiki mshahara mmoja.

Sasa mtaniuliza, kwa nini asitafute kazi ya kudumu kiwandani, na viwanda viko pale pale ng'ambo ya barabara? Nami nilimuuliza. Jibu lake lilikuwa mtoto. Lango la kiwanda linafungwa saa moja asubuhi, na yule mama wa kulea hufungua mlango saa moja. Kiwandani ukiambiwa leo kuna kazi ya ziada mpaka usiku, ukikataa kesho usirudi. Lakini mtoto lazima achukuliwe kabla ya saa kumi na mbili. Kwa hivyo mama huyu hachagui kazi. Ni saa za mtoto zinazomchagulia. Ziko sheria, na nzuri. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyesha. Lakini kibarua wa siku moja ataidaije sheria hiyo, naye hana hata barua ya kuajiriwa?

Huku kijijini tumezoea kwamba mtoto ni wa wengi. Ukienda kisimani, nyanya yuko. Ukienda kwenye mwethya, wasichana wakubwa wanabaki na wadogo. Basi tunamtuma binti mjini na tunasahau kwamba hivyo vyote ameviacha hapa.

Jambo la pili ni kwamba mji wenyewe haukujengwa kwa ajili ya mwanamke. Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli. Wakoloni walitaka wanaume wa kufanya kazi, si familia. Ndiyo maana zile nyumba za reli kule Muthurwa zilikuwa vyumba vidogo vya mwanamume mmoja mmoja. Baba zetu na babu zetu walivaa kipande shingoni, na mshahara ulipigwa hesabu ya mtu asiye na mke wala mtoto. Mke alitakiwa abaki huku alime ajilishe, alishe na watoto, na mume akizeeka arudishwe huku alishwe. Mwaka 1954 kamati ya serikali hiyo hiyo ya kikoloni, chini ya mtu aitwaye Carpenter, ilikiri kwamba mishahara ile haikutosha familia. Kwa maneno mengine, wazee wangu, jembe la mama zenu ndilo lililokuwa likiilipia Nairobi.

Wanawake walikwenda hata hivyo. Pale Pumwani, na kabla ya hapo Pangani ya zamani, wanawake walikuwa miongoni mwa wenye nyumba za kupangisha. Walipika, waliuza, walipangisha vyumba. Lakini kazi zenye mshahara na pensheni, za reli, za bandari, za serikali, zilikuwa za wanaume, na mwanamume mwenye kazi humwita ndugu yake nafasi ikitokea. Mpaka leo ni hivyo. Kazi nyingi hazitangazwi popote. Zinapita kutoka kwa fundi kwenda kwa binamu yake. Kulingana na hesabu ya watu ya mwaka 2019, Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073, na wanawake waliwazidi wanaume kwa watu kama elfu kumi na mbili hivi. Mji uliojengwa kwa wanaume sasa una wanawake wengi kuliko wanaume, lakini ile njia ya kuitana kazini haijabadilika sana.

Na hizo kazi chache zilizokuwa zimeanza kuwafungukia wanawake, nyingi zilifungwa miaka ya 1990. Wenye umri wangu na zaidi mnakumbuka. Serikali ilianza kupunguza wafanyakazi wake mwaka 1993, na waliotolewa kwanza ni wale wa madaraja ya chini. Matarishi, wafagiaji, wapiga taipu. Kuna wazazi hapa walikuwa wameuza ng'ombe ili binti asome taipu kwenye chuo cha ukatibu, na alipomaliza akakuta kompyuta imekalia kiti. Wakati huo huo mipaka ilifunguliwa, mitumba ikaingia kwa wingi, na viwanda vikubwa vya nguo vya Kisumu, Eldoret na Nanyuki vikafungwa au vikadhoofika. Mimi siwalaumu wanaovaa mitumba, na hata mimi leo sikuvaa nguo ya dukani. Lakini lazima tujue kilichotokea.

Hapa naomba niseme kosa letu wenyewe, sisi watu wa Kanisa. Nilipotoka chuoni na diploma yangu, kazi yangu ya kwanza katika parokia fulani ilikuwa kusimamia darasa la ushonaji. Tulikuwa na cherehani kumi na mbili za kukanyaga kwa mguu, tulizopewa na wafadhili. Kwa miaka mitatu tulifundisha wasichana. Tuliwapa vyeti, tukapiga picha, wafadhili wakafurahi, nami nikasifiwa. Baadaye nikaanza kuwatafuta mmoja mmoja nijue wanaendeleaje. Niliowapata, wachache sana walikuwa wanaishi kwa kushona. Gauni la mtumba liko sokoni kwa bei ya kitambaa kitupu, nani atamlipa fundi?

Mmoja wao, msichana mwenye mkono mzuri sana, alikwenda kwenye viwanda vya nguo vya kuuza ng'ambo pale Athi River. Alikaa langoni siku nne, siku ya tano akaitwa ndani kujaribiwa. Akawekwa mbele ya cherehani ya stima. Kule mtu hashoni gauni zima. Anashona mkono wa shati tu, au mfuko tu, mia na mia kwa siku, na kuna mtu amesimama na saa. Msichana huyu aliweza kukata na kumaliza gauni la harusi, lakini ile mashine ilimkimbia mikononi. Akaambiwa hajui kushona. Aliponisimulia hakulia. Mimi ndiye niliyekosa usingizi, maana niliyemfundisha ni mimi, na sikuwahi hata siku moja kwenda kuuliza kiwandani wanatumia mashine gani.

Viwanda vyenyewe tusivifikirie kama mbingu. Vilianza baada ya sheria ya mwaka 1990 ya maeneo ya kutengenezea bidhaa za kuuza nje, vikakua baada ya Marekani kuruhusu mwaka 2000 nguo za Afrika ziingie kwake bila ushuru. Wafanyakazi wengi ndani ni wanawake. Lakini soko liko mbali. Mwaka 2005 vizuizi vya nguo za China vilipoondolewa duniani, baadhi ya viwanda hivyo vilifunga. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipokuja na oda zikakatwa, wanawake walitumwa nyumbani kwa maelfu. Mwaka huo huo hata mama fua alikosa, kwa sababu watu waliogopa kumfungulia mlango.

Tena kuna lango lenyewe. Akina baba mtanisamehe, nitasema wazi. Msichana akifika langoni mwa kazi, mara nyingi kuna mtu katikati yake na kazi. Mlinzi, au msimamizi wa zamu. Kwa mwanamume anataka kitu kidogo. Kwa msichana anataka pesa, na asipokuwa na pesa anataka mwili wake. Wako wanaokataa na kurudi nyumbani bila kazi, na sisi huku tunasema amechagua kazi. Wako waliokubali kwa sababu ya mtoto aliyeachwa na njaa, nasi tunasema ameharibika. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 inamhukumu mwenye cheo anayetumia cheo chake hivyo. Na Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi ishirini au zaidi awe na maagizo yaliyoandikwa juu ya jambo hilo. Mabinti wetu hawaambiwi haya popote. Hata kwenye mafundisho ya kipaimara hatuwaambii.

Sheria hiyo hiyo ya 2007 inampa mama mzazi likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Nashukuru kwa hilo. Lakini mshahara huo unatoka mfukoni mwa mwajiri peke yake, na wako waajiri wanaopiga hesabu wakimwona msichana wa miaka ishirini na mbili. Hawamwambii. Wanampa mkataba wa miezi mitatu, ukiisha anaanza upya, mpaka siku tumbo litakapoonekana, na hapo mkataba hauandikwi tena. Sheria inakataza kumbagua mwanamke kwa sababu ya mimba. Lakini utashtaki nini, na karatasi inasema tu kwamba muda umekwisha?

Sasa nije kwa wale wasichana wa kazi za nyumbani, maana hapa sisi tumo ndani mpaka shingoni. Mlango mkubwa wa binti wa kijijini kuingia Nairobi ni jikoni mwa mtu. Anakuja shangazi wa mbali wakati wa Krismasi, amevaa vizuri, anasema ana rafiki anayetaka msichana. Mtoto ana miaka kumi na minne. Karo imeshinda, na kaka yake yuko kidato cha pili. Tunakubali. Tunamwambia atume kitu mwisho wa mwezi.

Analea watoto wa wenzake miaka mitano, sita. Watoto wakienda shule, kazi imekwisha. Anatolewa bila barua ya kumtambulisha, bila akiba, na mara nyingi bila kitambulisho, kwa sababu alitoka hapa kabla ya miaka kumi na minane, na chifu anayemjua yuko huku. Aende kuomba kazi hata ya kufagia ofisi. Ataulizwa kitambulisho, ataulizwa cheti cha kidato cha nne, ataulizwa cheti cha polisi cha mwenendo mwema. Hana hata kimoja. Ana miaka ishirini, na ujuzi wa kazi wa miaka sita, lakini kwenye karatasi ni kama amezaliwa jana. Yaani tulipochagua ni nani asome na ni nani aende kazi, siku ile ndiyo tuliyomfungia lango la kiwanda. Lilifungwa hapa nyumbani, kabla hajapanda gari.

Na mshahara wenyewe? Serikali iliweka kima cha chini kwa mfanyakazi wa nyumbani Nairobi kuwa shilingi 15,201 mwaka 2022, na mwaka 2024 ikakiongeza kwa asilimia 6. Naona watu wanatazamana. Ulizeni mabinti zenu wanalipwa ngapi. Kuna chama cha wafanyakazi kinachowapigania, kinaitwa KUDHEIHA, na msichana wa kazi anaweza kujiunga nacho. Andikeni jina hilo kwenye daftari za vikundi.

Kuna jambo moja nimeliacha mpaka sasa kwa sababu najua litawasha moto. Ni shamba.

Mwanamume akienda Nairobi akakosa kazi, anarudi. Ana kipande chake kwa baba yake, hata kama ni kidogo na kina mawe. Kwa hivyo akipewa mshahara wa kumdharau, anaweza kusema hapana. Binti arudi wapi? Akiwa hajaolewa anaambiwa hapa si kwako. Akiwa ameachika, hapa si kwako tena. Mjane naye shemeji wameshapima shamba. Nilipokuwa nikizungumza na wale wanawake wa kungoja nguo, nilidhani wote walikwenda mjini kutafuta kazi. Sivyo. Baadhi walikwenda kutafuta pa kulala, baada ya kufukuzwa walikoolewa na kukosa nafasi walikozaliwa. Na mtu asiye na pa kurudi hukubali mia mbili kwa kazi ya mia nne. Anakubali msimamizi mbaya. Mwajiri anajua hilo vizuri sana, na ndiyo maana mshahara wa wanawake wote pale unashuka, hata wa yule mwenye kwao.

Sheria ya Urithi imekuwa ikitumika tangu 1981, na inawahesabu watoto wa kike sawa na wa kiume. Katiba ya 2010 imesema vivyo hivyo. Si mambo ya wazungu wala ya wanawake wa mjini, ni sheria ya huku kwetu pia. Mzee mmoja aliniambia, "Nikimpa binti shamba, kesho ataleta mume hapa." Nikamuuliza, na kijana wako ataleta nani, si ataleta mke? Alicheka, lakini hakunijibu. Mimi siwaambii mgawe mashamba leo jioni. Nawaambia binti akijua ana robo ekari na kona ya nyumba, anasimama langoni mwa kazi akiwa mtu mwingine. Na hata huko mjini, akitaka mkopo wa kuanzisha biashara, benki huuliza hati ya kitu fulani. Asiye na chochote anabaki kukopa kwa mwenye duka.

Basi tufanye nini? Sikuja na orodha, maana vikundi havifanani. Lakini yapo niliyoyaona yakifanya kazi. Kikundi kimoja cha akina mama kimejiwekea kanuni kwamba hakuna binti wa mwanachama atakayepanda gari bila kitambulisho, na wakati wa kungojea kitambulisho anasaidiwa kumaliza shule au kozi. Kingine kimechukua watoto wa mabinti walio mjini, wanawalea pamoja kwa zamu, na mama zao wanatuma pesa kidogo kwa simu kila wiki. Hili lina hatari zake, kwa maana mtoto anamhitaji mama, na nyanya wengine wamechoka. Lakini nimeona mama mmoja akipata kazi ya hoteli kwa sababu tu aliweza kukubali zamu ya usiku.

Juu ya mafunzo, tafadhali msinunue cherehani kabla ya kuuliza. Tumeni watu wawili waende Athi River, waende Machakos mjini, waulize mafundi ni nani wanayemkosa. Wengine watawaambia ni wa kutengeneza mabomba, wa stima, wa kuunganisha vyuma. Msichana anaweza. Kwenye politekniki zetu za vijiji nimeona wasichana wawili darasa la stima, na wavulana ishirini. Wale wawili wakimaliza na wakinunuliwa vifaa vya kazi, tutajua.

Na binti akifika Nairobi asikae peke yake. Kila parokia ina jumuiya ndogo ndogo. Ofisi yetu inaweza kuandika barua kwa jumuiya ya mahali anapokwenda, ili kuwe na mama mmoja anayemjua jina. Kazi, nimesema, inapita kwa wanaojuana.

Nimalizie na lile nililoanza nalo, la yule binti aliyekataliwa. Nimesoma katiba za vikundi vyenu zilizoletwa ofisini. Karibu zote zina kifungu kwamba mwanachama asiyetoa mchango mara tatu anafutwa, na mgeni lazima alipe kiingilio kwa mkupuo. Kwa mtu anayerudi kutoka mjini bila kitu, vifungu hivyo viwili ni mlango uliofungwa. Anahitaji kikundi kuliko mtu yeyote hapa, na ndiye asiyeweza kuingia. Naomba katika kikao cha mwezi ujao kila kikundi kizungumzie jambo hilo moja: je, binti aliyerudi anaweza kuingia kwa kazi ya mikono yake badala ya pesa, kwa miezi sita ya kwanza? Atachimba bwawa nanyi, atabeba mawe. Mkikubali, iandikwe katika kumbukumbu za kikao, na mniletee nakala. Mkikataa, niandikieni pia, na sababu.

Yule binti, nimesikia yuko kwa jirani, analala jikoni na watoto wake. Mwenyekiti wa kikundi hicho yuko hapa leo na ananijua. Mama, tukimaliza kula tutaongea mimi na wewe.

Sasa ni maswali. Yule baba mwenye kofia aliinua mkono tangu niliposema neno shamba. Karibu, baba, anza wewe.